Siku Mlingoti Alipoinama

Jina lake la kuzaliwa analijua mume wake na karani wa mishahara. Sisi wengine tunamwita Mlingoti, kwa sababu kule kufulia hakuna mwanamke aliyenyooka kama yeye. Akisimama, hata akiwa amekumbatia beseni la mashuka mabichi, utadhani anasubiri kupandishwa bendera. Nimefanya naye kazi miaka mingi, beseni moja, shuka moja, na haya ninayosimulia nimeyaona mwenyewe. Sikuhadithiwa na mtu aliyehadithiwa.

Kazi yetu ni kufua mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa wa hospitali. Mashine zinafua, lakini ile ya kukamua ilikufa zamani, na kila mkubwa mpya anayekuja anaahidi kuifufua. Kwa hiyo tunakamua kwa mikono, wawili wawili. Mnasimama mkitazamana, kila mmoja ameshika ncha yake, kila mmoja anazungusha kulia kwake, halafu mnaegemea nyuma kama ndugu wanaogombania urithi. Maji yanashuka chwaa. Ukikamua na mtu muda mrefu unamjua kupitia shuka. Unajua kama amelala au hakulala, kama wamegombana na mumewe au wamepatana.

Mlingoti hakuwahi kuniambia kwamba mgongo unamuuma. Shuka ndilo lililoniambia. Tunazungusha, tunazungusha, mara upande wake unalegea ghafla kama kamba iliyokatika, halafu unakaza tena. Nikimtazama usoni, hakuna kitu. Uso mkavu kama sahani iliyofutwa.

"Shoga, vipi?"

"Vipi nini? Kamua."

Uso ule aliurithi kwa mama yake, Bi Nondo. Nondo, ndiyo, chuma kile kile cha kujengea. Mama yule alibeba karai la zege kwenye majengo ya watu tangu ujana wake, akapanda ngazi za mbao mpaka ghorofa za juu, akalea watoto wake kwa shingo na mgongo. Mafundi walikuwa wakimtania kwamba atavunjika. Mafundi wamevunjika, yeye yupo. Na watoto wake wote aliwafundisha neno moja, ambalo hata mimi nimelisikia mpaka nalisema usingizini: "Beba, uso usijue." Yaani mzigo ni wa kichwa na mgongo, uso usihusishwe. Mtoto akianguka, beba, uso usijue. Akifiwa, beba, uso usijue. Mlingoti alipokuwa anajifungua mtoto wa kwanza, mkunga alitoka nje kuuliza kama huyu mama ana uchungu kweli au amekuja kupumzika.

Sasa mume wa Mlingoti ni dereva wa malori ya mbali, nyumbani anakuja kama mgeni, na Bi Nondo alihamia kwa binti yake kusaidia wajukuu. Kwa hiyo yule askari wa uso akawa anaishi humo humo ndani.

Maumivu hayakuja siku moja. Kwanza aliacha kuvaa viatu vya kufunga. Halafu akawa anaosha vyombo amesimama, hata sufuria zilizotakiwa kusuguliwa chini. Akitoka chooni anashika mlango. Tukimuuliza anasema anaangalia bawaba. Mpaka siku moja alichutama kando ya beseni kuokota gauni la mgonjwa, akabaki huko chini. Nikasubiri. Nikaendelea kusubiri.

"Unafanya nini?"

"Natafuta kifungo."

"Kifungo gani, shoga? Magauni yetu yana kamba."

Nikamwendea, nikamshika kwapani, nikamvuta. Alipoinuka, jasho lilikuwa limemlowesha kuliko yale mashuka, na mguu wake mmoja ukawa unatetemeka wenyewe. Uso? Sahani.

Nilimpeleka kwa daktari mimi, kwa maneno makali na kwa kumshika mkono kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Wakampiga eksirei. Wakamwambia, simama wima, usitikisike. Jamani! Kumwambia Mlingoti asimame wima ni kumwambia samaki alowe. Picha ikatoka nzuri ajabu, mifupa imepangana kama vikombe kabatini. Majibu: hakuna tatizo. Akapewa dawa za kutuliza. Baadaye akarudi tena, eksirei nyingine, simama wima, usitikisike, hakuna tatizo.

Bi Nondo alifurahi kama aliyeshinda kesi.

"Si nilisema? Mgongo hauna kitu. Huo ni uvivu umeingia kwa mlango wa nyuma, nawe umeukaribisha chai."

"Sawa, Mama," akajibu Mlingoti, akabeba ndoo.

Mimi nilikuwepo. Nilitaka kujibu, lakini Bi Nondo ni mtu mzima, na tena mkono wake mzito.

Kilichotuharakisha ni kiti. Kule kufulia kuna chumba kidogo cha cherehani, ambako magauni yaliyochanika yanatiwa viraka. Bibi aliyekuwa akishona humo alikuwa anastaafu, na kila mwenye kiuno alikitaka kile kiti chake. Mtu anakaa, anainuka akitaka, habebi kitu kizito kuliko shati. Nilimwendea msimamizi wetu, nikamwambia kiti kile ni cha Mlingoti. Msimamizi si mtu mbaya, ila ana kichwa cha mizani.

"Mama, hapa kila mtu ana mgongo," akaniambia. "Daktari amesema mara mbili hana kitu. Nikimpa kiti bila neno la daktari, kesho mtaniletea migongo yenu yote imepanga foleni mlangoni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo daktari aseme ana nini. Asiposema, anabaki kwenye beseni kama wengine."

Hapo ndipo jambo lilipokaa. Akibaki kwenye beseni, siku nyingine akichutama sitakuwepo mimi wala mtu mwingine wa kumwinua. Lakini kilichoniuma zaidi ni alichoniambia yeye mwenyewe tukianika mapazia. Alisema bila kunitazama, "Labda Mama anasema kweli. Labda sina kitu. Labda mimi ni mvivu tu."

Mwanamke huyo! Mvivu! Nilimtupia kibanio cha nguo.

Safari ya tatu akakutana na daktari mwingine, wa mifupa hasa, mwanamume mfupi mwenye kuuliza maswali kama mama mkwe.

"Inauma ukisimama?"

"Si sana."

"Ukilala?"

"Si sana."

"Inauma ukifanya nini?"

"Nikiinama na kuinuka. Na tukikamua."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi muda wote huu tumekupiga picha ukifanya jambo lisilouma."

Ndipo akamwandikia eksirei inayotembea. Elewa hapo, mashine haitembei, imekaa chumbani kwake kama jokofu. Ni picha ndiyo inayotembea, kama sinema. Unainama, unainuka, na mifupa yako inaonekana kwenye kioo ikiinama na kuinuka pamoja nawe. Mimi nilielewa mara moja. Picha ya kawaida ni kama picha ya harusi. Watu waligombana jikoni asubuhi yote, shangazi amenuna, bwana harusi amekasirikia viatu, lakini mpiga picha akisema tayari, wote meno nje. Ukitaka kujua ndoa ile, nenda ukawaone wakihamisha kabati.

Siku yenyewe Bi Nondo akasema mwanawe hatavuliwa nguo na watu asiowajua akiwa peke yake. Akaja, kitambaa kipya kichwani. Mimi nikabeba rundo la mashuka safi, maana ukiwa na mashuka hospitali nzima ni kwako, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.

Chumba cha picha kilikuwa na baridi. Katikati ilisimama mashine yenye mkono mkubwa, na pembeni kijichumba chenye dirisha la kioo kinene ambamo wanaoendesha mashine wanajikinga na mionzi. Mwendeshaji alikuwa binti mwembamba, sauti ya chini, wa kufaa kuwa mwanangu. Alimuuliza Mlingoti kama ana mimba, akampa gauni. Mlingoti akaligeuza, akalikagua.

"Hili nimelifua juzi," akasema. "Doa hili la dawa lilikataa kutoka."

"Basi umevaa la nyumbani," binti akamwambia, na Mlingoti karibu acheke.

Akasimamishwa ubavu kwa mashine. Sisi tukaingia kijichumbani: binti, yule daktari wa mifupa amekunja mikono, Bi Nondo, na mimi na mashuka yangu. Mbele yetu kioo kama televisheni. Binti akasema kwenye kipaza sauti, "Mama, nikikuambia, inama mbele taratibu, kama unavyoinama kazini. Halafu inuka." Akakanyaga pedali.

Ikawaka. Jamani, kumwona rafiki yako ndani! Mifupa ya kijivu, pingili juu ya pingili, na kivuli cha mbavu kama meno ya kitana. Nikasahau pumzi.

Mlingoti akainama. Akainama kama mlango unavyofunguka, mgongo mmoja mzima kuanzia shingo mpaka kiunoni, unakunjika penye nyonga tu. Pingili zikashuka pamoja, zikapanda pamoja. Hakuna iliyopishana na mwenzake hata unywele. Na uso wake nyuma ya kioo cha dirisha, sahani.

Binti akaachia pedali. "Umefika mwisho, mama?"

"Nimefika."

"Umelegeza mgongo?"

"Nimelegeza."

"Hujalegeza. Misuli imebana, na ikibana inaishikilia mifupa isisogee. Mashine hii haioni maumivu, inaona mifupa tu. Ukiificha, nayo haioni."

Kabla hatujajua, Bi Nondo alikwishasogea kwenye kipaza sauti. "Simama vizuri! Watu wazima wanakuangalia!"

Na pale pale, mimi nimeona, Mlingoti akajinyoosha. Mabega nyuma, kidevu juu.

Daktari akakuna shavu. "Kama ndivyo anavyoinama, mimi sina cha kuandika."

Moyo wangu ukaanguka juu ya mashuka. Nilikiona kile kiti cha cherehani kikiondoka na mtu mwingine.

"Nitajaribu mara moja tena," binti akasema. "Sitaki kumrudia rudia, mionzi si maji ya bomba." Halafu akamgeukia Bi Nondo, akasema taratibu, bila dharau, "Bibi, mwanao anakutazama wewe."

"Anitazame asinitazame, mimi si mashine."

"Nakuomba ugeuke, uangalie ukutani."

"Nigeuke? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ila macho yako yanamnyoosha."

Nilijua atamtukana. Nilishaanza kutafuta njia ya kutokea. Bi Nondo alimtazama yule binti kwa muda, akamtazama mwanawe kupitia kioo, kisha, taratibu, akageuka. Ukutani palikuwa na tangazo. Bi Nondo hajui kusoma, lakini alilikazia macho tangazo lile kama linamdai.

"Mama," binti akasema kwenye kipaza sauti, "mama yako amegeuka. Hakuangalii. Mimi naangalia mfupa tu, uso wako siuoni. Uso ufanye unachotaka. Haya, inama."

Mlingoti akageuza jicho. Akauona mgongo wa mama yake. Sidhani kama aliwahi kuuona hivyo, ukiwa umempa nafasi. Kisha mabega yakashuka, moja, halafu la pili, kama mtu anayetua mizigo ya sokoni.

Akainama. Safari hii hakuinama kama mlango, aliinama kama mtu. Pingili zikaanza kufunguka moja moja kutoka juu, vizuri, kwa mpangilio, mpaka zikafika chini karibu na kiuno. Hapo moja ikateleza mbele. Iliteleza kama droo ya kabati bovu, ambayo ukiliinamisha kabati inatoka yenyewe. Alipoanza kuinuka ikagoma, wenzake wanapanda yeye yuko nje, ikatikisika, kisha ikajirudisha kwa mshtuko.

"Uwii, mama yangu!"

Ni Mlingoti aliyelia hivyo. Kwa sauti, mpaka kioo kikasikia. Na mimi nikajua: hapo. Hapo hapo ndipo shuka linapolegea.

"Hapo!" daktari naye akasema. "Umeinasa picha?"

"Nimeinasa," binti akasema.

Bi Nondo alikuwa ameshageuka, hakungoja kuambiwa. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu mwanawe akiwa mdogo. Binti akarudisha picha, na tukaiangalia tena: pingili zinafunguka, droo inatoka, inagoma, inajirudisha.

"Huyo ni yeye?" Bi Nondo akauliza.

"Ni yeye."

"Hivyo ndivyo inavyokwenda kila akiinama?"

"Kila akiinama na kulegea," daktari akasema. "Akibana haitoki, lakini mtu hawezi kubana mchana kutwa. Misuli inachoka, naye ananasa."

"Rudisha."

Binti akarudisha.

"Tena."

Akarudisha tena. Bi Nondo alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Nilitazama mikono yake, ile mikono ya zege. Kidole kimoja kilikuwa kinafuata ile pingili kwenye kioo, mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila kugusa.

Kisha akanyooka, akatugeukia sote kwa hasira ya ghafla.

"Sasa mbona mmemsimamisha? Hamwoni mtu mgonjwa? Mpeni kiti!"

Tukampa kiti. Daktari akamweleza Mlingoti taratibu: pingili moja haina mshiko, inateleza akiinama, na ikiteleza inabana mishipa inayokwenda mguuni. Kwa sasa hahitaji kupasuliwa. Atavaa mkanda, atafundishwa mazoezi ya kuimarisha misuli, wataendelea kumwangalia. Kukamua na kunyanyua vitu vizito, basi.

Mlingoti alisikiliza yote. Halafu akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ninacho kweli?"

"Una nini?"

"Hicho. Kinachouma."

"Unacho," daktari akasema. "Umekuwa nacho muda mrefu."

Ndipo uso ukajua. Alilia na gauni lile lile la doa, akajifuta kwa shuka langu safi, nikamwacha. Kufua ni kazi yangu.

Wakati wa kutoka, daktari akamtania Bi Nondo, "Na wewe Bibi, mgongo wako je? Tukupige?"

"Mimi sina mgongo," akajibu. "Mimi nina ukuta." Lakini mkoba wa mwanawe aliubeba yeye, na kwenye ngazi alimwambia ashuke polepole, mji haukimbii.

Kesho yake asubuhi, kabla hata hatujajaza maji, Bi Nondo alitokea mlangoni kwa msimamizi.

"Mfupa wa mwanangu una droo!"

"Bi mkubwa, daktari amenipigia simu. Kiti ni chake."

"Sikuja kukuuliza. Nimekuja kukuambia."

Akatuambia na sisi, mmoja mmoja, akionyesha kwa mikono. Mwisho wa wiki, kwa kusimulia kwake, ule mfupa ulikuwa umeshatoka nje, umechungulia na kurudi. Kuna mmoja wetu alinong'ona kwamba Mlingoti amepata kiti kwa kuigiza sinema. Nikamwambia naye aende akaigize, ile mashine haina mjomba wala shangazi. Akaendelea kufua.

Siwezi kukudanganya kwamba amepona. Mkanda unamwasha wakati wa joto. Mwalimu wa mazoezi anasema kazi ngumu kwake si kukaza, kukaza anajua kuliko wote. Kazi ni kujua wakati wa kulegeza, na kusema "hapa inauma" kabla ya kunasa. Asubuhi nyingine anaamka vibaya. Mimi sasa nakamua na msichana mgeni, na shuka linaniambia kwamba huyu hali kitu asubuhi na ana mchumba.

Mchana Bi Nondo huleta chakula kule chumba cha cherehani. Chumba chenyewe kidogo, mkiingia watatu mmoja anakaa juu ya magauni. Mlingoti akitaka kuinuka kitini, inabidi ashike meza, ainame kidogo, akunje uso, agune. Haipendezi. Na kila anaposhika meza, kabla hajaanza, Bi Nondo hugeuka. Anaangalia ukutani, hapo pasipo na picha wala tangazo wala kalenda, mpaka asikie mguno umekwisha na miguu ya mwanawe imesimama.

"Tayari, Mama."

"Haya," anasema, ndipo anageuka. "Kula, chakula kinapoa."

Ukuta ule sasa anaujua kuliko aliyeupaka rangi.